Mtoto Aliyemtazama Mgeni Machoni

Ipo siku moja ambayo nikiikumbuka hata chai hainishuki. Mwanangu, kaa hapo, na hiyo dosie yako ya mradi iweke pembeni, usinifungulie kwanza. Nimeshaisoma. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nikakasirika, na hasira hiyo ninayo bado, kwa hiyo leo utanivumilia. Unaomba fedha za kuanzia utafiti juu ya watoto wenye usonji, hao ambao masomoni mnawaita watoto wa otisme na huku mitaani watu wanawaita mabubu, wengine wachawi. Vizuri sana. Mwezi uliopita ulinieleza wazo lako jipya mpaka nikasimama nikakukumbatia. Leo wazo lile limetoka, na mahali pake umeweka yale maswali ya wageni, kwa sababu rafiki yako wa Bukavu amekuambia wafadhili wanayapenda. Wanayapenda! Basi sikiliza yaliyonipata mimi na maswali hayo.

Nilikuwa msichana bado, nimetoka masomoni juzi juzi, muuguzi mpya kwenye kituo cha afya cha Kalundu, pale bandarini. Mdogo wangu Zawadi alikuwa ameolewa Mulongwe, na mtoto wake wa kwanza aliitwa Ombeni. Alikuwa na miaka minne na hajasema neno. Kiziwi siyo: ukifungua pakiti ya biskuti chumba cha pili, anakuja mbio. Lakini umwite jina lake, wapi! Angeweza kushinda mlangoni akizungusha kifuniko cha sufuria, na ukimnyang'anya anajigonga kichwa ukutani mpaka majirani wanajaa uani. Upande wa baba yake walikuwa wamekwisha kuanza maneno. Shemeji yangu mwenyewe, baba yake Ombeni, alisema wazi kwamba mtoto ana pepo, na kwamba kuna nyumba ya maombi kule juu kilimani ambako watoto wa namna hiyo wananyimwa chakula mpaka pepo achoke.

Zawadi alinishika kitenge, akanipigia magoti. Mdogo wangu, tumbo moja, ananipigia magoti.

"Yaya, dada yangu mukubwa, weye ulisoma," akasema. "Ambia baba yake mutoto iko na ugonjwa. Akisikia kwa baganga ba hospitali, atakubali. Minye hanisikii."

Nikamwambia nitafanya. Na sikumdanganya, nilikuwa na wazo kweli. Unajua kwetu mtoto anaanza kutumwa kabla hata hajajua kuvaa kaptula yake vizuri. Unampa kikombe, unamwambia pelekea mama mudogo. Anakwenda anayumbayumba, anafika, anatoa kwa mikono miwili, halafu anangoja. Anataka kuona kama umepokea. Kisha anageuka kumtafuta aliyemtuma, asifiwe. Ombeni ukimpa kikombe alikuwa anaishia katikati ya uwanja, anakaa chini, anakizungusha. Yule anayempelekea hayupo kwake, na aliyemtuma pia hayupo. Nilikuwa nimeanza kuwatazama watoto wengine waliokuwa wanakuja kupimwa uzito, na nikaona wawili watatu wanafanya vilevile. Nikajiuliza: je, hatuwezi kuwatambua watoto hawa mapema, kwa kuwatuma tu, mbele ya mama zao, kwa lugha yao, nyumbani kwao? Halikuwa jambo la kuchekesha. Mpaka leo naamini lilikuwa wazo la maana.

Wakati huohuo ukaja mfuko mdogo kutoka nje. Walituita kwenye mkutano wakatutangazia kwa midomo yao wenyewe kwamba fedha hizo ni za mawazo mapya kuhusu otisme, mawazo ambayo bado hayajajaribiwa na mtu. Nikaandika mradi wangu, nikaupeleka. Aliyenipokea alikuwa profesa mmoja, mtu wa huku huku kwetu, mtoto wa bonde la Ruzizi, ndiye aliyekuwa akiwaongoza wageni. Akasoma ukurasa wa kwanza, akaniuliza matokeo yako wapi. Nikamjibu kwamba fedha ninaziomba ili niyapate hayo matokeo. Akaniambia kachapishe kwanza mahali, kisha urudi.

Mwanangu, wewe ungemjibu nini mtu kama huyo? Mfuko wa kuanzia, na anayeanza anaambiwa aje akiwa amemaliza! Ushenzi mtupu. Nisamehe, lakini neno lingine sina.

Wakanipa kazi ya kutafsiri. Wao walikuwa na maswali yao tayari, yametungwa kwao, na walitaka kuyajaribu Mulongwe kwa siku moja. Uwanja wa shule ukajaa akina mama na watoto. Swali kubwa kuliko yote lilikuwa hili: je, mtoto anamtazama machoni mtu anayesema naye? Mgeni alikuwa mzee mwenye miwani, mtu mpole, hilo sitamnyima. Alikuwa anainama mbele ya kila mtoto, anamsalimia, na mimi natafsiri. Na kila mtoto anainamisha macho. Kila mmoja! Kwani wewe ulilelewaje? Ungethubutu kumkazia macho mgeni, mzee, mwenye mvi? Mama yako angekupiga kofi kabla mgeni hajamaliza kusema. Lakini mgeni alikuwa anatikisa kichwa kwa huruma na kuandika kwamba huyu ana tatizo, na huyu, na huyu.

Nikamtazama profesa. Yeye alijua. Alizaliwa humu, alimwinamishia baba yake macho kama sisi sote, alijua vizuri kabisa kwamba anachokiona ni adabu. Akanyamaza, kwa sababu mgeni ndiye aliyeshika mfuko. Yule mgeni nilimsamehe zamani, hakujua. Huyu wa kwetu mpaka leo bado.

Halafu ikafika zamu ya Ombeni. Jua lilikuwa linapiga kwenye ile miwani. Ombeni, ambaye hajui mgeni ni nini wala mzee ni nini, akamwendea moja kwa moja, pua kwa pua, akamtazama bila kupepesa. Mgeni akafurahi sana, akacheka kwa sauti.

"Huyu ni mzima kabisa," akasema, akaandika.

"Anatazama miwani!" nikapiga kelele. "Hakutazami wewe, anatazama mwangaza! Vua uone!"

Mgeni alikuwa amekwisha kumwinamia mtoto mwingine. Profesa akanigeukia, akaniambia kwa Kiswahili ili mgeni asielewe: "Weye ni wa kutafsiri. Tafsiri."

Na shemeji yangu alikuwa amesimama hapohapo nyuma yetu, na lugha ya mgeni alikuwa anaielewa kidogo. Akanyanyua mtoto, akamwambia Zawadi mbele ya watu wote: "Umesikia? Bazungu benyewe banasema hana ugonjwa. Kama hana ugonjwa, basi ni pepo." Nilimkimbilia mpaka barabarani nikimweleza, nikashika hata shati lake. Nani atamsikiliza shemeji wa kike anayelia? Kesho yake mtoto akapandishwa kilimani.

Habari ilinikuta kazini siku iliyofuata, na barua rasmi ya kunikatalia mradi ilikuwa imefika asubuhi ileile. Nikakaa kwenye benchi la wagonjwa nikalia. Akanikuta Mama Sifa, mkunga wetu mkubwa, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuwatisha hata wapakizi wa bandarini.

"Unalilia nini?"

"Mradi wangu wameukataa, Mama. Wanasema..."

"Mutoto wa mudogo wako iko wapi saa hii?"

"Balimupeleka kwenye maombi."

"Balimupeleka kwenye maombi, na weye iko hapa, unalilia karatasi!" Akanivuta mkono mpaka nikasimama. "Ile mufuko haikukuonaka, na weye pia hauone mutoto? Vaa viatu. Njo twende."

Hakunibembeleza hata kidogo, na nilistahili. Akavua blauzi yake ya kazi, lile koti jeupe, akaitundika, tukatoka. Tulipanda mchana ule kwenye jua, yeye mbele, na umri wake wote, mimi nyuma nikihema.

Tukamkuta Ombeni amefungwa mkono kwenye mguu wa benchi, kwa kamba ya nyavu. Midomo imepasuka kwa kiu. Watu wamemzunguka wanapiga makofi na kupaza sauti, mtoto ambaye hata mfuniko ukianguka jikoni anaziba masikio. Alikuwa amejing'ata mkono mpaka damu. Zawadi amepiga magoti pembeni, hana machozi tena. Mama Sifa akapita katikati ya maombi kama anapita sokoni, akaomba kisu, na hakuna aliyempa, basi akainama akafungua ile kamba kwa meno.

"Mama," akasema yule mwenye nyumba ya maombi, "unamukatiza Mungu."

"Mungu namujua tangu zamani," Mama Sifa akajibu. "Weye ndiye sikujui."

Tukamteremsha mtoto kilimani tukimbeba mgongoni, kwa zamu. Shemeji alikaa siku nyingi bila kuja nyumbani kwetu.

Ombeni hakufa, Mungu asifiwe. Leo ni mwanaume mzima, yuko Mulongwe na mama yake, anasema maneno machache, na kovu la kamba liko mkononi. Jumapili wakianza kupiga makofi kwenye kanisa la jirani anaingia chini ya kitanda, na hakuna wa kumtoa. Na ule mfuko, unajua mwaka uliofuata ulifanya nini? Ulichapisha maswali yaleyale, safari hii na picha za rangi! Mimi niliendelea kuwatuma watoto pale Kalundu, peke yangu, baada ya kazi, bila msaidizi na bila chochote, mpaka nikastaafu. Wachache niliwatambua mapema, mama zao wakaacha kuwapiga. Lakini wale wa mbali, wa ufukweni kule kusini, wa milimani Mulenge, sikuwafikia. Ningewafikiaje? Waliendelea kufungwa kamba. Akili tulikuwa nayo, mwanangu. Tulichokosa ni mtu mmoja tu wa kutuamini tukiwa bado hatujathibitisha kitu.

Sasa unaelewa kwa nini ulipofuta wazo lako niliona moto. Wewe siyo kama mimi siku ile, wewe hujakataliwa bado! Umejikatalia mwenyewe, mapema, ili usiwasumbue wenye fedha. Umekaa upande wa yule profesa kabla hajakuita.

Nasema hivi, na usiniletee uso huo wa kununa. Rudisha wazo lako ndani ya mradi, lote. Wakikuuliza matokeo, waambie bila kutetemeka kwamba mfuko wao ni wa kuanzia na wewe unaanza, na kama wanataka yaliyokwisha, waende kwenye mfuko mwingine. Usimpime mtoto yeyote kabla hujauliza amelelewaje. Ukiona wanakosea mbele yako, sema, hata kama wewe ni wa kutafsiri tu, na usipoze sauti kwa sababu mwenye mfuko anakutazama. Wakikukatalia, lia nyumbani, usiku mmoja, yatosha, halafu nenda kamtafute mtoto alipo. Na siku utakapokalishwa wewe kwenye kiti cha kugawa, akaja mbele yako msichana hana kitu mkononi ila wazo, ole wako umuulize amechapisha wapi.

Haya, chukua dosie yako. Mungu akutangulie, mwanangu. Akupe sauti mahali mimi nilipozimwa, akupe na watu wa kupanda nawe, na watoto hawa akulindie wakiwa hai mpaka utakapowafikia.