Alama ya Mzinga Kwenye Viti vya Hoteli

Wacha nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka, maana fundi mzima aliyeumbuliwa mbele ya wazungu kwa kutoijua alama ya babake hana pa kuficha uso, na mimi bado natafuta pa kujificha.

Memsabu mmoja alikuwa anajenga hoteli ya kifahari hapo Salama, kando ya barabara ya Mombasa, na mimi ndiye niliyekuwa seremala wake. Viti vya Nairobi hakuvitaka. Alitaka mgeni akiingia tu ajue yuko Ukambani: vyondo vya kusuka ukutani, vibuyu, vigoda vya miguu mitatu karibu na moto, na viti vya kulia vichongwe mapambo ya kwetu.

"Fundi, mimi nataka kitu ya wazee yako," aliniambia. "Sitaki maua maua."

Sasa, babangu Musyoka alichukuliwa kubeba mizigo ya vita vya Mjerumani nikiwa mdogo sana, na hakurudi (na kwetu jina hilo maana yake ni anayerudi, cheka ukipenda). Hakuna aliyewahi kutuambia amekufa. Na kwetu kila ukoo una alama yake, huchongwa kwenye mizinga ya nyuki na kwenye mishale, ukiiona unajua mali ni ya nani. Nikajiambia, nikiichonga ya baba kwenye kila kiti, na nyingine kubwa mlangoni ikitazama barabara, siku akipita ataijua, ataingia kuuliza ni nani aliyeichonga. Nilikuwa namtamani kiasi hicho, jamani.

Mama alikuwa Kilungu, mwendo wa siku moja kwa miguu, angenichorea mara moja. Lakini niliona haya kumuuliza (mwanamume gani hajui alama ya babake?), nikategemea kumbukumbu: baba ameniinua mabegani hadi kwenye mzinga, kidole changu kinafuata mikato ya mbao, mistari miwili na duara, na nguo yake inanukia moshi na asali. Nikachonga wiki baada ya wiki, wakati mwingine nikiimba.

Siku ya ufunguzi wazungu wamejaa, mimi nimesimama kando, nimevaa koti la kuazima, ili nieleze mapambo, mara akaingia mzee mmoja na wanawe wawili, bila hata hodi. Mzee akaupapasa mlango, akatabasamu, akaenda moja kwa moja akaketi kwenye kiti cha memsabu.

"Wewe nataka nini hapa?" memsabu akauliza, uso umeiva.

"Mama, usiogope, kaa tu," mzee akamjibu kwa upole. "Hii nyumba ni yetu. Alama yangu iko kwa mlango, iko kwa viti yote. Sasa chakula iko wapi?"

Nikakimbia pale. "Mzee, hiyo ni alama ya babangu, Musyoka wa Kilungu!"

Alinitazama, akaanza kucheka hadi akakohoa. "Musyoka? Mimi na yeye tulitundika mizinga kwa mti moja! Wewe ulishika mzinga yangu, kijana. Yake ni mistari tatu, haina duara."

Mpishi akawatafsiria wageni, na chumba kizima kikaangua kicheko. Memsabu akaniamuru nirande kila kiti na ule mlango hadi mbao ibaki tupu, na sokoni Salama wananiita Duara hadi leo.

Lakini yule mzee, kabla hajatolewa nje, alimwaga chumvi mezani akaichora ile mistari mitatu kwa kidole, polepole, nione. "Hajarudi?" akaniuliza.

"Bado," nikasema, na machozi yakanitoka mbele ya wote.

Tangu siku hiyo sichongi alama ya mtu bila kumuuliza mama kwanza, hata kama ni kwenye mwiko. Nyinyi pia ulizeni mama zenu wakiwa hai, haya haiui. Viti niliviranda bila kinyongo. Mlango ndio ulioniuma moyo kuuranda, kwa sababu alama ile ilikuwa imetazama barabara kwa miezi mitatu kabla ya ufunguzi, na watu wengi hupita Salama. Labda baba alipita, akaona ni alama ya mzinga wa jirani, akaendelea na safari yake.