Nitajieni Hilo Duka

“Nitajie duka moja tu,” nilimwambia kwenye simu kijana wa mauzo wa lile tangazo. “Mwanza, Dar, popote. Duka moja linaloliuza hilo jiko kwa laki tatu na sabini.”

“Dada yangu, ile ni bei ya kulinganisha.”

“Kulinganisha na nani?”

“Na soko kwa ujumla.”

“Soko gani hilo? Huwa ni siku gani?”

Akacheka. Nadhani alidhani namtania. Mtoto alikuwa amelala mgongoni kwangu, nami nilipiga kelele mpaka akaamka analia, mpaka wapangaji wenzangu wakatoka vyumbani kuangalia nani anapigwa. Nilimwita mwongo, nikamwita mwizi. Yeye akaendelea kuniita dada yangu hadi salio likaisha. Nikabaki nimesimama uani, simu sikioni, watu wote wananitazama.

Jiko lenyewe ni lile la umeme, la presha. Nililiona kwenye televisheni hapa Geita, asubuhi moja baba wa mtoto ameshaenda maduarani kuchimba dhahabu, mimi nimekaa nanyonyesha. Bei ya madukani ilikuja kubwa, nyekundu, ikapigwa mstari kwa mlio kama wa panga. Halafu yao: laki moja na themanini, leo tu. Kesho yake ikawa tena leo tu. Hilo nililiona, nikalipita.

Nilimpigia mama mkwe, aliye kijijini Kishapu. Kule kuni ziko mbali, na goti lake halitaki tena safari hizo. Alikuwa ameuza pamba na nyumba yake imeshaingizwa umeme. Nikamweleza kila kitu, laki tatu na sabini nikaitamka taratibu ili aisikie vizuri.

Aliuliza swali moja tu. “Hao wenye maduka wanasikia wanavyotajwa?”

“Wanasikia, mama. Televisheni inaonekana nchi nzima.”

“Na wamenyamaza?”

“Wamenyamaza.”

“Basi ni kweli. Agiza.”

Asiyeujua mnada wa kwetu, lile soko la siku moja kwa wiki, atamwona mjinga. Si mjinga. Mnadani ukisema yule wa pale anauza kanga hizi ghali kuliko wewe, yule wa pale ana masikio. Atainuka na kuuliza, “Mimi? Lini?” Watu watacheka, na wewe siku hiyo huuzi tena. Kwa hiyo bei ya mwenzako huitaji ovyo. Mama mkwe amenunua na kuuza hivyo maisha yake yote. Mimi ndiye niliyefika kidato cha nne. Nilijua kabisa kwamba kwenye televisheni hakuna mtu aliyesimama upande wa pili. Nilimjibu hivyo kwa sababu nilitaka, kwa mara moja, kuwa mkwe aliyeleta kitu cha maana.

Jiko likafika Kishapu, na sitasema uongo, linapika. Makande yanaiva mtu hajamaliza kufagia uwanja. Mama mkwe akawaita majirani waonje, akawaambia mke wa mwanawe amesoma, amempatia kwa nusu bei. Wawili wakampa fedha, akanitumia, nikaagiza.

Mmoja wao alimpeleka mjukuu hospitali Shinyanga mjini. Akapita kwenye duka la Wahindi, la siku nyingi, analolijua kila mtu. Akaliona jiko lake. Boksi lilelile, yule mwanamke wa kwenye picha akitabasamu vilevile. Laki moja na ishirini, na hapo hajaanza kuomba apunguziwe. Akamuuliza mwenye duka kama amewahi kuliuza kwa laki tatu na sabini. Yule akageuka kumuuliza mama yake aliyekaa kwenye droo ya fedha, wakacheka wote wawili.

Jirani hakucheka. Siku ya mnada alimsubiri mama mkwe mbele ya watu.

“Shikamoo bosi wa televisheni! Cha juu ulichotuongezea kwenye bei kimeshuka salama? Na yule mkwe wako msomi, mmegawanaje?”

Mama mkwe akakusanya vitu vyake, akaondoka. Angemwonyesha nani? Aliyeitaja bei hakuwapo mnadani. Tangu siku hiyo haendi mnadani, choroko zake anampa mtu mwingine akauze.

Alinipigia jioni, habari zikiwa zimeshanifikia. Nilijiandaa kutukanwa. Akauliza mtoto ameshindaje, kisha akashusha sauti.

“Mwanangu, kama ulichukua kidogo kwa ajili ya mtoto, niambie tu. Nitawaambia nilichukua mimi.”

Nilimwapia kwamba sikuchukua. Akasema, “Haya.” Ile haya yake bado naisikia. Asubuhi ndipo nikampigia yule kijana.

Baada ya hapo nilikwenda Mwanza, kwenye ofisi ya serikali inayosikiliza malalamiko ya wanunuzi. Mama mmoja akanipa karatasi na kiti.

“Unadai wakurudishie kiasi gani?”

“Sidai fedha.”

Akanitazama. “Sasa unataka nini, mwanangu?”

Nikaandika, mtoto akivuta kalamu:

“Nalalamikia tangazo la jiko la umeme linalotaja bei ya madukani. Nimeomba kutajiwa duka, sikutajiwa. Jiko ni zima. Naomba muuzaji aamriwe kulitaja duka hilo kwenye televisheni ileile, asubuhi, kwa sauti ileile. Kama halipo, aseme halipo. Naomba nijulishwe siku hiyo mapema, kwa sababu mama mkwe wangu na majirani zake hawana televisheni, itabidi wakusanyike kwa mtu. Maneno ya tangazo niliwafikishia mimi, na nilisema ni kweli bila kuuliza. Mama mkwe wangu hakuchukua cha juu. Mimi pia sikuchukua.”