Mchele wa Mwalimu Gosbert

Mwalimu Gosbert akipita uwanjani na suti yake ya kijivu, jua la Ifakara limewaka mpaka mbwa wamejificha, utadhani anakwenda kuapishwa. Kumbe anakwenda Mlabani kununua vocha. Namfahamu mwaka wa kumi na tisa huu, tangu aliposhuka kutoka Mahenge na begi moja na cheti cha Jiografia, na miaka yote hiyo sijamwona akibeba kitu chake mwenyewe. Madaftari anabebewa. Kiti anabebewa. Hata maji ya kuoga, baba mzima mwenye ndevu, anabebewa na wanafunzi. Mimi ni Restituta, matroni wa shule hii, wasichana wanalala chini ya funguo zangu, kwa hiyo ndoo hizo nazijua moja moja.

Mwaka huu shule moja ya Karonga, ng'ambo ya mpaka, upande wa Malawi, ilitualika kwenye maonyesho ya sayansi. Kwenda Ijumaa, kurudi Jumapili. Wanafunzi kumi na wanne, mwalimu mmoja, na mimi kwa sababu ya mabinti. Mwalimu wa Fizikia alikuwa anaumwa. Mkuu wetu wa shule, Adolf, hajamaliza hata kuuliza nani ataongoza, Gosbert keshasimama.

"Mimi ni mtu wa Jiografia, mkuu. Mambo ya mipaka ni yangu."

Ebo! Mipaka ni yake! Hajawahi kuvuka hata mmoja. Pasi yenyewe ya kusafiria aliipata wiki ile ile, akawa anatembea nayo mfuko wa mbele, imechungulia makusudi ili tuione.

Mwenye safari hasa alikuwa Digna, binti wa kidato cha tatu kutoka Mngeta. Digna amechelewa shule miaka mitatu kwa sababu ya ndege. Huko kwao mpunga ukianza kukomaa, mtoto anatolewa darasani akaamie ndege shambani, alfajiri mpaka jioni, anapiga madebe na kupiga kelele hadi sauti inakauka. Sasa mdogo wake ndiye aliyekuwa anatolewa darasani. Basi Digna akatengeneza mtambo: gurudumu la baiskeli, makopo ya nyanya, vipande vya bati na kamba. Upepo ukivuma kidogo tu, makopo yanapiga kelele shamba zima. Washindi wa Karonga wangetafutiwa fundi wa kuwatengenezea mitambo yao kwa wingi, na sharti lilikuwa moja: aliyebuni aeleze mwenyewe, Jumamosi saa tatu asubuhi. Digna alikuwa anaisema hotuba yake hata akifua.

Alhamisi jioni nilimkuta Gosbert stoo, anasimamia wavulana wanapakia mchele. Kila begi la mwanafunzi kilo tano, na sanduku la mbao la mtambo wa Digna likajazwa vifuko pembeni mpaka juu, karibu kilo sitini.

"Wa nani huo, mwalimu?"

"Zawadi ya wenyeji, matroni. Mtu wa Ifakara aende ugenini mikono mitupu?"

Hapo alinipata, na mpaka leo najichukia. Kwetu mtu akibeba mchele humuulizi, kama vile humuulizi aliyevaa viatu. Msibani mchele, harusini mchele, kwa mkwe mchele. Nikaona mzee leo kafanya jambo la kiutu, nikamsaidia hata kufunga kamba. Mjinga mimi!

Tuliondoka alfajiri mbichi kwa Coaster, tukafika Kasumulu, mpakani, jua linakaribia kuzama. Njia nzima Gosbert alitusomea majina ya milima. Uyole tuliposimama, nikamsikia anaongea na simu dirishani, sauti ya chini: "Andaa mnunuzi, ni mchele super, mzigo upo salama kwa watoto." Nikamwambia, "Mwalimu, shusha mchele huo hapa hapa." Akanijibu nisiingilie uongozi wa msafara.

Mpakani wakakagua. Afisa, kijana mpole tu, akafungua sanduku akacheka.

"Huu si mchele wa njiani. Nafaka nyingi namna hii inataka kibali. Uliomo kwenye mabegi utabaki hapa. Ila huu wa sanduku, mwenye mzigo abaki, atoe maelezo kesho kwa bwana kilimo akifika. Sanduku la nani?"

Jina lilikuwa limeandikwa ubavuni kwa rangi nyekundu. DIGNA.

"La huyu binti," akasema Gosbert. Uso mkavu, jamani! Hata kope hakupepesa.

"Na mchele?"

Akaangalia mbali, kama hajaulizwa yeye. Digna akamtazama, akasubiri. Mtoto wa kwetu hamsuti mwalimu mbele ya mgeni, na yule mwanaharamu alilijua hilo vizuri kuliko mimi. Binti akainamisha kichwa. Wenzake kumi na watatu nao wakajifanya wanatafuta hati zao.

Nikapasuka. "Afande, mchele ni wake yeye huyu, mwenye tai!"

"Matroni una ushahidi gani?" Gosbert akaniuliza, sauti tamu kama anaongoza sala ya jumuiya.

Afisa akasema yeye anaandika jina analoliona, lakini mtoto hawezi kubaki peke yake. Nikasema nabaki naye. Gosbert akawaamuru wavulana watoe mtambo sandukuni. "Usijali Digna, nitaueleza mimi," akasema, akavuka daraja la Songwe na pasi yake mkononi, wavulana nyuma wamembebea begi.

Tulilala nyumba ya wageni jirani. Asubuhi tukakaa kwenye benchi la pale mpakani. Saa tatu ilipotimu Digna akasimama mbele yangu, akaitoa hotuba yake yote: kwa nini gurudumu la baiskeli na si la toroli, kwa nini makopo matupu na si yenye mawe, mdogo wake anaitwa nani na yupo darasa la ngapi. Hakukosea neno. Mimi niliyeishia darasa la saba nilielewa kila kitu, nikapiga makofi peke yangu, machozi yananitoka kwa hasira. Bwana kilimo alikuja saa tano, akamwangalia binti, akatikisa kichwa. Akataifisha mchele, akasema tupo huru. Saa hiyo kule Karonga walikuwa wanafunga meza za maonyesho.

Waliporudi Jumapili kutuchukua pale mpakani, wanafunzi wakaniambia. Majaji waliuliza kwa nini gurudumu la baiskeli. Gosbert akaeleza habari za pepo za kusi na kaskazi, akachora ramani. Wakamshukuru, wakampa karatasi ya ushiriki, wakapita meza ya pili.

Jumatatu paredi, suti ile ile. Akahutubia dakika ishirini juu ya ziwa na ukarimu wa majirani, mkuu wa shule anatabasamu. Kisha akaitoa ile karatasi.

"Na sasa, kwa heshima, namwita Digna aje aipokee."

Digna akatoka kwenye mstari, akatembea mpaka mbele. Nikasema moyoni atapiga goti apokee kwa mikono miwili, ndivyo tulivyomlea. Akasimama wima, mikono nyuma.

"Mpe mwenye mchele, mwalimu."

"Mchele upi?" akauliza mkuu, Adolf.

Kwenye mistari mkono mmoja ukanyooka, ukafuata wa pili, hadi ikawa mikono kumi na mitatu juu, ya wale wale waliokuwa wanatafuta hati zao mpakani.

"Haya, semeni," akasema mkuu wa shule.

Gosbert akaanza kuikunja ile karatasi. Akaikunja mara mbili, mara nne, mpaka haikukunjika tena.