Panga Nililoliandika kwenye Fomu

Nakumbuka asubuhi ile pale Kapsoit, mwanangu, na laiti ningeirudisha fomu bila kuweka sahihi. Ilikuwa ya kumlaza mdogo wangu Kipkoech kwenye kituo cha kutibu walevi, atake asitake. Mahali pa sababu niliandika: "Alinijia akiwa na panga."

Panga alikuwa nalo kweli. Alikuwa akipogoa chai yake, na nani huku kwetu hupogoa chai kwa mikono mitupu? Alinijia kuniambia, "Kaka, nimechoka na hii pombe. Wacha nimalize hii mistari, Jumatatu unipeleke." Lakini nilishasikia Jumatatu zake nyingi. Hasira ni hasara, na yangu niliiita busara. Nikatafuta vijana, tukamfunga kamba, tukampeleka kwenye kituo hicho.

Daktari alisoma fomu, akauliza, "Mzee, alitaka kumkata nani?"

"Daktari, mlevi ukimngoja aanze, utazika mtu."

"Nimeuliza alitaka kumkata nani."

"Mimi."

Kipkoech alicheka. "Nikukate wewe, halafu chai yako ichunwe na nani? Si ni mimi huyu huyu!" Kisha akanitazama machoni. Mimi nilikuwa mzee wa kanisa. Yeye alinuka chang'aa. Nikaaminiwa, naye akalazwa.

Swali lile halikuniacha. Mbona daktari hakuuliza amekunywa miaka mingapi, au ametuaibisha mara ngapi? Kuuliza si ujinga, nikamrudia. Akanieleza kwamba aibu yetu si kitu mbele ya sheria. Inachouliza ni kama mtu yuko karibu kujidhuru au kudhuru mwingine, na kama ameshindwa kujiamulia matibabu. Tena daktari ampime mwenyewe.

"Na aliyekubali kuja?"

"Huyo anaingia kwa miguu yake, mzee. Fomu hii si yake."

Nikashukuru, nikaondoka. Hata hapo sikusema kweli.

Mwanangu, hatari ikiwapo, usichelewe kutafuta msaada. Lakini ukiulizwa juu ya mtu wako, eleza ulichokiona, na neno lake pia ulifikishe zima. Mungu akupe ulimi mnyoofu na moyo wa kungoja.

Kipkoech alipona, hajaonja pombe hadi leo, na watu hunisifu. Mashamba yetu yanapakana. Hanisalimu, wala haniiti kaka. Nilimpoteza ndugu yangu akiwa hai.