Sahani Sita Nyuma ya Rangi

Mimi ni mtu wa kusema kwanza na kufikiri baadaye. Mama yangu amenivumilia hivyo tangu utoto wangu, na juma lile nusura nimwaibishe mbele ya wakwe.

Wageni walikuwa waje Jumamosi kumposa binti yangu. Nyumba yetu hapa Bunia ni ndogo: ukikaa sebuleni unaliona jiko lote, na kabati langu la mbao za libuyu, mti mgumu wa msituni, lilikuwa jeusi kwa moshi wa makaa. Ndani yake mlikuwa na sahani sita za bati, zenye maua mekundu. Mama alizibeba ndani ya kitenge alipokimbia vita kijijini kwake, kule Djugu. Vingine vyote aliviacha. Tangu alipohamia kwangu hajaruhusu mtu azilie chakula. "Zitatoka siku mujukuu wangu ataombwa," husema.

Jumanne binti yangu aliniletea fundi wa rangi, mwanamume wa makamo, mpole, mwenye kofia iliyochafuka kwa rangi za kila namna. Aligusa mlango wa kabati, akanusa kidole, akaniambia:

"Mama, hapa iko mafuta ya kupikia. Tutaosha na sabuni, tutakwangua, tutapaka, tutangoja, tutapaka tena. Siku tatu, na milango inabaki wazi."

"Siku tatu kwa kabati?" nikamcheka. "Weye unashika burashi na mukono, na miye niko na mikono mbili. Tafuta kazi fasi ingine."

Aliaga kwa heshima. Binti yangu alinitazama kwa jicho ambalo sikulielewa.

Nikanunua rangi ya mafuta, ya kijani. Nilipoiona nzito niliizimua kwa mafuta ya taa. Sikuosha, sikukwangua. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga: Alhamisi, kufikia saa kumi za mchana, nilikuwa nimepaka milango yote minne, ndani na nje, nami nilisimama pale nikijisifu. Kisha malori mawili yakapita, vumbi jekundu likaingia dirishani, na mimi, ili kuziokoa sahani za Mama, nikaifunga milango ile ikiwa mbichi.

Ijumaa hakuna mlango uliofunguka. Nilivuta kishikio kikabaki mkononi. Nikachukua kisu, nikachokoa, nikaacha kovu la urefu wa kidole kwenye mbao. Mama akapita nyuma yangu.

"Unatoa sahani mu kabati saa ngapi? Nataka kuzipangusa miye mwenyewe."

"Rangi haijakauka, Mama," nikasema, na huo ndio ukweli pekee niliokuwa nao. Kabati ningeweza kulivunja kwa shoka. Lakini ningemwambiaje mwanamke aliyezinusuru sahani zake na vita kwamba mimi nimezifungia kwa rangi? Alipotoka, nililia, sioni haya kusema.

Jumamosi asubuhi nilimeza kiburi changu, nikamwomba binti yangu anielekeze kwa fundi. Nilimkuta kwake, mtaa wa Nyakasanza, akipiga pasi shati jeupe.

"Ulifunga milango mbele ya rangi kukauka," alisema kabla sijamaliza salamu.

"Nilifunga, Baba. Unisaidie."

Alizima pasi, akanifuata. Kwa bahati Mama alikuwa kwa jirani akisukwa nywele. Fundi alichomoa uzi wa nailoni kwenye gunia la mchele, akaupitisha katika ufa wa mlango, akauvuta huku na huku polepole. Rangi ikalialia, mlango ukaachia. Kisha wa pili, hadi wa nne. Kishikio alikirudisha mahali pake, na kingo za milango alizisugua kwa mshumaa zisinatane tena. Kovu langu alilifunika kwa rangi iliyobaki, kwa vidole, kwa sababu burashi yangu nilikuwa nimeiacha ikakauka kama kijiti. Nilimshikia kopo, na vidole vyangu navyo vikaloa kijani.

"Unisamehe mudomo yangu," nikamwambia.

"Tutaonana, Mama," akajibu, akaondoka mbio.

Saa nane wageni waliingia. Nyuma ya wazee, ndani ya shati jeupe, alikuwa yeye, fundi: baba mdogo wa kijana anayeposa, tena ndiye msemaji wao! Kumbe kijana ndiye aliyemtuma ile Jumanne, na binti yangu alinyamaza akijua nisingekubali kufanyiwa kazi na wakwe. Nilitamani ardhi inimeze. Nilingoja anitaje. Alizungumza kwa adabu tangu mwanzo hadi mwisho, na kabati hakuligusia hata kidogo.

Tulipokubaliana, Mama aliinuka, akaenda jikoni, watu wote wakimtazama. Aliuvuta mlango kwa kidole kimoja, ukafunguka bila sauti. Akazihesabu sahani: sita.

Nikazunguka na jagi nikiwanawisha wageni, Mama akinifuata na taulo. Tulipofika kwa fundi, alisugua na sabuni, akasugua tena. Kijani hakikutoka. Mama aliangalia vidole vya fundi, kisha vyangu juu ya jagi.

"Kumbe nyinyi muko bandugu tangu asubui," akasema.

Kisha akampa fundi sahani ya kwanza.