Okidi za Fundi wa Vitanda

Mimi ni fundi wa vitanda hapa Lindi, huu mtaa wetu wa mabanda, si ule mji wa pwani, na kitanda nilichounda mimi hakilii. Nasema hivyo bila haya. Kwa hiyo siku mama mwenye ploti, hivi vyumba tunavyopanga, aliposimama mlangoni pangu na kusema nimeleta kunguni, damu ilinipanda kichwani.

"Fundi, hizo maua zako ziko na kunguni," alisema. "Nimeziona na macho yangu. Jumamosi ikifika kama bado ziko kwa ukuta, utoke nazo."

Alikuwa akizisema okidi zangu. Nilizipata siku niliyokwenda Kawangware kununua mbao. Upande wa Riruta mti mkubwa ulikuwa umekatwa, nazo zimeng'ang'ania matawi, zinanyauka. Okidi hizi hazitaki udongo, huota juu ya miti. Nilizifunga kwa uzi wa nailoni kwenye vipande vya mbao vilivyobaki kazini, nikavitundika nje ya chumba changu. Zilipotoa maua meupe, watu walisimama kuangalia, nami nikajiona mtu.

Lakini ploti ikishasema fundi wa vitanda ana kunguni, fundi huyo kwisha. Nani atanunua kitanda kwake?

Nilishusha kipande kimoja nikakitazama juani. Kweli, chini ya majani walikuwepo: rangi ya kahawia, bapa, wadogo kama dengu. Hata mimi nilidhani ni wenyewe. Lakini kunguni nawajua sana, maana watu huniletea vitanda vikuukuu nivitengeneze, na kunguni ukimfunua mchana hukimbilia ufa. Hawa hawakutikisika. Nilimbandua mmoja kwa ukucha, akatoka kama ganda, na chini yake kukawa na majimaji ya manjano, si damu. Jani lenyewe lilinata, na sisimizi walikuwa wakipanda na kushuka kulamba utamu. Tangu lini kunguni akawa na utamu?

Nikabeba ubao wangu hadi kwenye bomba, wanawake walipokuwa wakifua. Niliwabandika wadudu kadhaa mkononi, nikaunyoosha mkono wote wauone.

"Haya, ngojeni waniume."

"Fundi, wewe ni noma!" mmoja akasema, na wenzake wakaangua kicheko.

Mama mwenye ploti hakucheka. Alisema labda wameshiba. "Jumamosi," akarudia, akaenda zake.

Muuza miche wa pale karibu na steji ya Olympic aliwatambua mara moja: wadudu gamba, hufyonza utomvu wa mimea na hawana haja na binadamu. Niliwasugua mmoja mmoja kwa mswaki mkuukuu na maji ya sabuni, nikafuta majani kwa pamba yenye spiriti. Mizizi haikuwa na udongo, kwa hiyo niliweza kutumbukiza ubao mzima kwenye beseni. Waya wa kutundikia niliupaka grisi, sisimizi wasipande tena, kwa sababu wao huwalinda wale wadudu kama mifugo yao. Kazi niliifanya polepole, kama ninavyopiga randa. Kisha nikazirudisha okidi zote ukutani. Kama ni kuhama, tutahama pamoja.

Jumamosi asubuhi mama mwenye ploti aliingia karakanani kwangu akaufunga mlango nyuma yake. Mkononi alikuwa na karatasi ya tishu. Alipoifungua, mdudu wa kahawia akakimbilia kidole chake.

"Huyu ni wa maua?"

"Hapana, Mama. Huyu ndiye kunguni. Umemtoa wapi?"

Alimkunja tena ndani ya tishu. "Kwa kiti yangu."

Nilifurahi, tena sana. Ningeweza kutoka nje nikapiga kelele ploti nzima isikie. Badala yake nilichemsha maji, nikaenda kwake, tukatoa viti uani. Nilivipindua nikamimina maji ya moto kwenye viungio, ninakojua hujificha.

Wanawake wa bombani wakauliza kuna nini. Niliendelea kumimina maji. Viti si vyangu, na nilidhani mwenyewe atasema navitengeneza miguu.

"Kunguni ni zangu," akasema, kwa sauti iliyofika mwisho wa ploti. "Za fundi ni za maua. Mkitaka kitanda, mnunue kwake."