Siku Bi Mkasi Aliposimamisha Magari

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Bi Mkasi, fundi cherehani, mwanamke mnene, mwepesi wa kucheka, ambaye hata akisalimiana na watu mkasi haumtoki mkononi. Duka lake lilikuwa juu ya baraza ya saruji iliyotazamana na barabara kuu, na mbele yake hasa palikuwa na kivuko cha waenda kwa miguu: milia myeupe iliyofifia, ambayo madereva waliiona pale tu walipotaka kuiona.

Ng'ambo ya pili dada yake mkubwa alikuwa na saluni. Zamani Bi Mkasi alivuka kila adhuhuri kwenda kunywa chai huko, mpaka pikipiki ilipomgonga palepale kwenye milia na kumvunja mguu. Mguu ukaunga, moyo ukagoma. Tangu hapo hakukanyaga tena lami. Dada akiwa na umbea motomoto, ilibidi avuke yeye, au wapigiane simu huku wakitazamana madirishani.

"Mdogo wangu, utazeekea upande mmoja wa dunia," dada alimwambia.

"Upande wangu una kivuli, dada. Niache."

Lakini macho yake hayakubanduka barabarani. Alipenda kumtazama mbwa mmoja jike, wa rangi ya kahawia, asiye na mwenyewe, ambaye madereva walimwita Afande. Afande hakuvuka ovyo. Alikaa kitako ukingoni mpaka watu wakusanyike, na wakianza kuvuka naye akajichomeka katikati yao, kichwa juu, kama mtu aliyechelewa kazini.

"Huyu ana akili kuliko aliyenigonga mimi," Bi Mkasi aliwaambia wateja, nao wakaangua kicheko.

Afande akaja kuzaa kwenye mtaro mkavu kando ya saluni. Dada alinuna, maana mbwa kwake walikuwa viumbe wa kufagiliwa nje, lakini hakumfukuza kwa kuwa mama mzazi ni mama mzazi.

Alasiri moja mvua ikamwagika kwa kishindo. Waenda kwa miguu wote wakakimbilia vibarazani, na magari, kwa kuona njia nyeupe, yakazidi kuchanja mbuga. Bi Mkasi alikuwa akikata kitambaa chekundu cha mapazia. Alipoinua macho, aliona mtaro wa ng'ambo umejaa maji ya matope, na Afande amesimama ukingoni, amelowa chapachapa, mtoto ananing'inia kinywani mwake.

Afande alikuwa akisubiri watu. Watu hawakuwepo.

Akatia mguu barabarani. Honi! Akaruka nyuma. Akajaribu tena, teksi ikapita na kummwagia maji mwili mzima. Nyuma yake, mtaroni, maji yalikuwa yakipanda.

"Jamani! Jamani, msaidieni!" Bi Mkasi akapiga kelele, na kwa kuwa hakuna aliyesogea, akajikuta anateremka ngazi yeye mwenyewe. Aliteremkaje, hajui mpaka leo. Anachokumbuka ni mvua usoni na kitambaa chekundu mikononi, akikipunga juu ya kichwa kama mwendawazimu.

Lori lilikuwa linakuja. Breki zikalia. Lori likateleza, likatikisika, likasimama hatua chache tu kutoka kwenye milia. Dereva akachomoza kichwa dirishani.

"Mama! Unatafuta kufa?"

"Natafuta njia, baba! Kuna mzazi anavuka!"

Dereva akamwona Afande, mdomo ukabaki wazi. Akawasha taa za tahadhari, akashuka, akaenda kuyazuia magari ya upande wa pili kwa mikono yake miwili. Afande akavuka mbio, akapanda barazani, akamlaza mtoto chini ya meza ya kukatia, kisha akageuka palepale na kurudi kwa wengine.

"Wewe! Umerukwa na akili?" Dada alikuwa ametoka saluni, taulo kichwani. "Toka hapo! Mguu wako!"

"Dada, angalia mtaroni! Wanazama!"

Dada akachungulia. Akasonya, akaingia ndani, na Bi Mkasi akadhani ameenda kuleta ufagio. Alirudi na beseni la kuoshea nywele. Akapandisha gauni, akaingia kwenye maji mpaka magotini, akaanza kuokota watoto mmoja mmoja na kuwatia ndani, huku akilaani mbwa wote waliowahi kuzaliwa.

Basi wakavuka: dada na beseni lake lililojaa vilio, Afande akijisugua miguuni mwake. Walipofika katikati, gari dogo jeupe likachomoka nyuma ya lori, dereva wake amechoka kusubiri. Bi Mkasi hakukimbia. Alijitupa mbele yake, akakitandaza kitambaa kwa mapana yake yote, akanguruma kwa sauti ambayo hakujua anayo:

"Simama!"

Gari likasimama. Bampa iligusa kitambaa. Vibarazani watu wakalipuka kwa vifijo, honi za furaha zikaitikia, na dereva wa lori akawa anarukaruka kwenye madimbwi kama aliyeshinda kombe.

Ndipo Bi Mkasi alipotazama chini na kuona miguu yake miwili juu ya lami. Kicheko kikampanda toka tumboni. Dada, matope mpaka magotini, akamkumbatia na beseni lao katikati, akicheka na kulia kwa pamoja.

Watoto wote walipona. Afande akahamia chini ya meza na kuwabwekea wateja waliosahau kupangusa viatu. Wiki iliyofuata dereva wa lori alikuja kuomba mtoto mmoja. Akapewa yule mwenye kelele kuliko wote, na akaondoka naye, amemkalisha kiti cha mbele.

Na Bi Mkasi? Siku hizi anavuka asubuhi, mchana na jioni, mara nyingine huvuka kwenda tu kuuliza saa.

"Wewe huna kazi?" dada humfokea, huku anammiminia chai.